Gari Hili Limebeba Nini? Mhadhara juu ya kununua pikapu ndogo iliyotumika

Ndugu mwenyekiti, viongozi wa chama, wazee wangu, mama zangu, na ninyi vijana mliotoka Soni, Bumbuli na Mlalo kuja hapa Lushoto asubuhi hii, nawasalimu nyote na kuwashukuru. Nimeombwa nizungumze juu ya ununuzi wa pikapu iliyokwisha kutumika, kwa kuwa baadhi yenu mmeamua kuunganisha fedha za mavuno na mkopo wa chama ili mpate usafiri wenu wenyewe wa kushushia kabichi, karoti na viazi hadi Mombo, msiendelee kumsubiri mwenye gari huku mboga zikinyauka kando ya barabara. Nimefanya kazi ya ufundi magari kwa zaidi ya miaka ishirini, na mara nyingi mno nimeletewa pikapu ambayo mwenyewe angeweza kuiepuka kama angeuliza swali moja kabla ya kutoa fedha: gari hili limebeba nini?

Wanunuzi wengi huuliza mambo mengine. Huuliza limetembea kilomita ngapi, ni la mwaka gani, na hapa kwetu huuliza pia kama ni namba D au namba E. Herufi hiyo inaeleza tu gari lilisajiliwa Tanzania lini. Haisemi liliundwa lini, kwa hiyo gari la mwaka 2003 lililoshuka bandarini juzi litabeba namba ya juzi. Kilomita nazo hurudishwa nyuma kwa dakika chache na mtu mwenye kifaa kidogo. Na hata pale ambapo kilomita ni za kweli, pikapu iliyotembea kilomita 90,000 ikibeba kokoto imechoka kuliko iliyotembea 200,000 ikimbeba bwana shamba na mifuko yake ya mbegu. Gari dogo la kutembelea huzeeka kwa mwendo, ilhali pikapu huzeeka kwa uzito.

Niruhusuni nianze na kirikuu, kwa sababu najua ndiyo wengi wenu mnayoifikiria, bei yake ikiwa nafuu na mafuta ikila kidogo. Magari haya, Suzuki Carry na wenzake, yameundwa kwa kufuata sheria ya Japani ya magari madogo, ambayo inataka injini isizidi sentimita za ujazo 660, urefu usizidi mita 3.4, upana usizidi mita 1.48, na mzigo usizidi kilo 350. Naomba tuitazame hiyo 350 kwa vipimo vyetu. Ni mifuko saba ya saruji. Ni magunia matatu ya viazi, tena yawe ya kilo mia halali, kwa maana yakiwa ya lumbesa hata matatu hayo yanaizidi. Mimi nimehesabu kirikuu yenye mifuko ishirini ya saruji ikipanda mlima, dereva akiwa amekaa juu ya injini inayochemka, kwa sababu injini ya kirikuu nyingi iko chini ya kiti. Kirikuu ni gari jema kabisa kwa mwenye duka anayesambaza soda na mikate, au kwa mama mwenye bustani anayepeleka matenga yake machache sokoni. Kwa tani moja ya kabichi kila siku ya mnada si gari la kazi hiyo, na anayewauzia kirikuu iliyokuwa ikifanya kazi hiyo anawauzia gari lililokwisha kuumia hata kama bodi lake linang'aa.

Pikapu ya kawaida ya kebini moja, kama Hilux, Isuzu au Nissan, imeundwa kubeba takribani tani moja. Hapo ndipo wengi wenu mtakapofika, na hapo ndipo chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari zima, inapokuwa jambo la kwanza. Injini ikifa mtapata nyingine, giaboksi vilevile. Chesisi ndiyo gari lenyewe, namba yake ndiyo iliyoandikwa kwenye kadi, na ikioza au ikipinda hakuna fundi mwaminifu atakayewaahidi kuirudisha ilivyokuwa.

Pikapu ya kwanza niliyoinunua kwa fedha yangu niliikuta Tanga mjini. Injini ilikuwa ikiguruma vizuri, viti vilikuwa vipya, na chini palikuwa pamepakwa rangi nyeusi inayometa. Niliifurahia ile rangi, nikaona mwenyewe alikuwa mtunzaji. Miezi minne baadaye, nikiwa nimepakia mbao, nilisikia mlio mkavu nyuma ya kebini, na nilipoingia chini nikaona ufa unaoingia kidole. Nilipokwangua rangi nikakuta kutu imekula chuma kwa tabaka, ikibanduka kama maganda ya kitunguu. Baadaye ndipo nilipojua kwamba gari lile lilikuwa likibeba samaki, maji ya chumvi na barafu yakidondoka kutoka kwenye bodi hadi kwenye chesisi usiku na mchana. Muuzaji hakunidanganya, kwa maana mimi sikumwuliza, na fedha ile ilikuwa akiba ya nyumba yetu nzima.

Tangu siku hiyo hubeba nyundo ndogo. Ninalala chini ya gari na kugonga chesisi taratibu, kuanzia mbele hadi nyuma, pande zote mbili, na nikifika nyuma ya kebini na mahali springi za nyuma zinaposhikilia, nagonga karibukaribu zaidi. Chuma kizima hujibu kwa mlio wa wazi. Chuma kilichooza hutoa mlio uliofifia, na wakati mwingine vumbi jekundu hudondoka usoni. Rangi nyeusi mpya chini ya gari kuukuu iwatie shaka. Kule Marekani, mwaka 2008, Toyota yenyewe ilikubali kununua tena pikapu zake za Tacoma za miaka ya 1995 hadi 2000 ambazo chesisi zake zilikuwa zimetobolewa na kutu, ikilipa mara moja na nusu ya thamani yake. Ikiwa mwenye kiwanda ameona ni afadhali alinunue tena gari la namna hiyo, sisi tusijipe moyo kwamba viraka vya kuchomelea vitatosha.

Jambo la kutu linahusiana pia na mahali gari lilikotoka. Toyota iliacha kuuza Hilux nchini Japani mwaka 2004, ikarudi mwaka 2017, na ndiyo sababu Hilux nyingi za miaka ya katikati mtakazoonyeshwa hazikutoka huko. Zimetoka Thailand, Afrika Kusini au Uingereza, nchi ambazo nazo huendesha kushoto. Uingereza humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi ili barafu isigande, na chumvi hiyo hufanya kazi ileile iliyofanywa na samaki wa Tanga. Gari la Uingereza linaweza kuwa zuri, lakini likaguliwe chini kabla ya kutazamwa juu.

Sasa nije kwenye springi na breki, na hapa naomba mnivumilie nikikaa kidogo, kwa kuwa ninyi mnaishi mlimani, na barabara ya kutoka hapa hadi Mombo ni kilomita kama thelathini za kona na mteremko. Tazameni springi za nyuma gari likiwa tupu. Zinatakiwa ziwe na upinde unaoangalia juu. Zikiwa zimenyooka kama rula, gari limezidishiwa mzigo kwa miaka. Tazameni pia kama vyuma vyake vyote ni vya rangi na unene mmoja, kwa kuwa wenye magari huongeza vyuma kutoka gari kubwa ili bodi lisikae chini. Halafu simameni kando ya gari, mkitazama nafasi iliyo kati ya kebini na bodi: inatakiwa ilingane juu na chini. Mkikuta juu pamepanuka kuliko chini, chesisi imeinamia nyuma.

Hizo springi za kuongezea zina hatari ambayo wauzaji wengi hawaijui, na hata mafundi wengine hawaifikirii. Pikapu nyingi, Hilux zikiwamo, zina valvu ndogo karibu na ekseli ya nyuma, yenye mkono wa chuma ulioshikana na ekseli. Mzigo ukikaa, bodi hushuka, mkono ule husogea, na valvu hufungua nguvu zaidi ya breki kwenda magurudumu ya nyuma. Gari likiwa tupu hupunguza nguvu hiyo ili nyuma kusiteleze. Sasa mtu akiongeza springi ngumu, bodi halishuki tena, na ile valvu hudhani gari ni tupu wakati limebeba tani nzima. Kazi yote ya kusimamisha huangukia magurudumu ya mbele, nayo kwenye mteremko mrefu hupata moto hadi breki zikalegea na mguu ukazama mpaka chini. Wapo pia wanaoifunga valvu ile kwa waya, au kuiondoa kabisa. Kwa hiyo mnapokagua, fuateni bomba la breki kwa macho hadi nyuma, mwone kama kile kimkono kipo, kinacheza, na hakijafungwa na mtu. Ukaguzi huu hauchukui dakika moja, nami nawasihi msiuache, kwa sababu nyote mnawajua watu walioishia kwenye zile kona.

Juu ya injini sitasema mengi. Fikeni asubuhi bila kumpa muuzaji taarifa ya saa, wekeni mkono juu ya boneti, na kama pana joto, mwulizeni kwa nini aliliwasha kabla yenu, kwa maana injini iliyochoka huonyesha ugonjwa wake inapowaka ikiwa baridi. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, mweusi ni dizeli iliyozidi, mweupe usiokwisha hata injini ikipata joto mara nyingi ni maji yanayoingia ndani. Fungueni kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma. Ikipumua kwa nguvu kama chungu kinachochemka, pete za pistoni zimekwisha.

Kwa wale wa Hilux, nadhani dizeli za zamani zisizo na tabo (turbo), zile injini zinazoitwa 3L na 5L, zingewafaa watu wa vijijini kuliko zile mpya zaidi za D-4D, ingawa najua hazina mbio. Za kale hutengenezeka kwa fundi yeyote mwenye spana na akili timamu. Injini ya 1KD ya lita tatu, mojawapo ya hizo D-4D, ina nguvu kweli, lakini vikombe vya shaba vilivyo chini ya nozeli zinazopuliza dizeli vikianza kuvujisha, masizi huingia kwenye oili, hujikusanya kwenye chujio lililo ndani ya sampo, lile beseni la oili chini ya injini, na siku oili ikishindwa kupanda injini hufa bila kuaga. Anayeuza gari la namna hiyo awaonyeshe lini vikombe hivyo vilibadilishwa.

Karatasi nazo zina mtego wake. Jina lililo kwenye kadi ya gari ya TRA, Mamlaka ya Mapato, lilingane na kitambulisho cha anayeuza, na namba ya chesisi isomwe kwenye chuma chenyewe, kwa kidole, si kwenye kadi peke yake. Angalieni kwa namba ya gari kama lina faini za usalama barabarani au deni la maegesho, na msikubali nakala ya kadi badala ya kadi halisi, kwa kuwa kadi halisi huenda iko benki kama dhamana ya mkopo wa mtu. Mkataba uandikwe mbele ya wakili, na umiliki ubadilishwe mara moja. Pikapu yenye kibao cha njano imesajiliwa kwa matumizi binafsi. Ninyi mkitaka kubeba mizigo ya wengine kwa malipo, kibao kiwe cheupe na leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ipatikane kabla ya safari ya kwanza.

Nimemwomba mwanachama mmoja alete pikapu yake, nayo imesimama pale chini ya mti, haijawashwa tangu jana jioni. Nimekuja na nyundo na tochi. Yeyote asiyejali kuchafua nguo anifuate, tuanze chini, kwenye springi ya nyuma ya kulia.