Mafuta: Nyangumi, Misheni na Watu wa Mitumbwi Kusini mwa Dunia

Shikamooni wazee wangu, na nyote mliofika, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumze juu ya koloni moja la Waingereza lililo mbali sana na hapa Mombasa, na kwa kweli lililo mbali na kila mahali: Visiwa vya Falkland, kusini mwa Bahari ya Atlantiki, na bahari inayovizunguka. Ningeweza kuwapa orodha ya magavana, lakini nimeona nifuate kitu kimoja tu, nacho ni mafuta. Ukifuata mafuta utakutana na wavuvi wa nyangumi, utakutana na wamisionari, na utakutana na watu waliokuwa wenyewe kabla ya hao wote.

Nianze na hao wenyewe. Shuka na pwani ya Amerika Kusini mpaka nchi iishe. Pale mwisho kuna visiwa vingi vilivyokatikakatika, vyenye milima ya theluji inayoteremka hadi majini. Magellan alipopita mwaka 1520 aliona mioto ikiwaka ufukweni usiku, na nchi ikabaki na jina la Kihispania lenye maana ya Nchi ya Moto, Tierra del Fuego. Katika milango ya bahari ya kusini kabisa waliishi Wayaghani. Mtumbwi wao ulitengenezwa kwa magome ya mti yaliyoshonwa, na katikati, juu ya tabaka la udongo, moto uliwaka siku zote. Wanawake ndio walioshika makasia, na wao ndio waliopiga mbizi kutafuta chaza katika maji ambayo mimi na wewe tusingeyavumilia dakika tano. Nguo hawakuwa nazo, ila kipande cha ngozi begani. Walijipaka mafuta ya sili na ya nyangumi mwili mzima, na mvua ya barafu iliteleza juu ya ngozi zao kama maji juu ya jani la mgomba.

Nyangumi akikwama ufukweni, walioona walipandisha moshi. Koo zilizokuwa zimetawanyika zikaja na mitumbwi yao, wakala na kukaa pamoja kwa majuma mengi. Huo ndio uliokuwa wakati wa kuwafunda vijana, kwa sababu ndipo kilipopatikana chakula cha kulisha halaiki. Sisi tuna jando na unyago. Wao waliwafunda wavulana na wasichana mahali pamoja. Naomba mlishike hilo la nyangumi na mafundisho, maana tutalirudia.

Upande wa pili wa bahari, London na Boston nazo zilihitaji mafuta. Taa za barabarani, taa za nyumbani na mashine za viwandani zilitaka mafuta, na kabla ya petroli mafuta mazuri yalitoka kwa nyangumi na sili. Tangu miaka ya 1770 wavuvi kutoka Nantucket na bandari nyingine za Marekani walikuwa wakitia nanga Falkland. Walibeba masufuria makubwa ya chuma, wakayapanga ufukweni, wakachemsha minofu ya mafuta mpaka mapipa yakajaa. Sili waliuawa kwa marungu wakiwa wamelala juu ya mawe. Hakuna aliyekuwa na haja ya kubakiza, kwani atakachobakiza yeye atakichukua nahodha anayemfuata.

Waingereza walivitwaa visiwa mwaka 1833. Gavana wa kwanza, kijana mhandisi wa jeshi aitwaye Richard Moody, alishuka Januari 1842 na kikosi kidogo cha askari. Mwaka 1843 ulianza ujenzi wa mji mpya wa Stanley, na mwaka 1849 wakaletwa askari wastaafu 30 pamoja na wake na watoto wao. Fikirini maisha hayo. Miti hakuna. Kuni ni udongo mweusi wa majani yaliyooza kwa karne nyingi, unaokatwa kama matofali, ukakaushwa kwa upepo, ndipo ukawaka. Udongo huohuo uliokuwa juu ya kilima uliporomoka mwezi Juni 1886 ukashuka mpaka mjini na kuliharibu kanisa. Riziki ya mji ilitoka kwenye misiba ya baharini: merikebu zilizovunjwa na dhoruba za Rasi ya Horn, ncha ya kusini ya Amerika, zilijikokota hadi Stanley, na mafundi wa pale walizitengeneza kwa bei waliyotaka wao.

Sili walipopungua, watu waligeukia pengwini. Katika miaka ya 1860 na 1870 waliwaswaga pengwini kwenye mazizi ya mawe na kuwachemsha. Ndege wanane walitoa galoni moja. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza niliweka kitabu chini.

Sasa misheni. Allen Gardiner alikuwa nahodha wa jeshi la maji la Uingereza. Aliwahi kujaribu kuhubiri Uzuluni mwaka 1835, haikufaulu, na moyo wake ukahamia kwa watu wa kusini mwa Amerika. Alianzisha chama chake cha misheni mwaka 1844. Mwaka huo ndio mmisionari Johann Ludwig Krapf aliposhuka hapa Mombasa, na wengi wenu mnajua kaburi la mkewe lilipo, ng'ambo pale Nyali. Mwishoni mwa 1850 Gardiner na wenzake sita waliteremshwa katika visiwa vya Wayaghani, na baadaye wakagundua kwamba karibu baruti yao yote imesahauliwa melini. Hawakuweza kuwinda. Waliwaogopa wenyeji, na chombo cha kuwaletea chakula kilichelewa. Kufikia Septemba 1851 wote saba walikuwa wamekufa kwa njaa na maradhi, katika ufuko ambao Wayaghani walijilisha na kulea watoto wao.

Habari za vifo hivyo zilipofika Uingereza, michango ilimiminika. Chama kikaja na mpango mpya: misheni isijengwe kwa Wayaghani bali katika kisiwa kidogo cha Keppel, magharibi mwa Falkland, na Wayaghani ndio wavushwe mamia ya kilomita ya bahari chafu kwenda kufundishwa huko. Kazi hiyo ilianza mwaka 1855. Hapa ndipo anapoingia mtu ambaye kwangu ndiye kiini cha mhadhara huu.

Jina lake ni Orundellico, Myaghani. Mwaka 1830, akiwa kijana wa miaka kama 14, alichukuliwa na Robert FitzRoy, nahodha wa merikebu Beagle. Mabaharia walidai wamemnunua kwa kifungo kimoja cha nguo, wakamwita Jemmy Button, yaani Jemmy Kifungo. Alipelekwa Uingereza pamoja na wenzake watatu, na mmoja akafa kwa ndui. Walifundishwa Kiingereza na dini, wakapelekwa mbele ya Mfalme William wa Nne na malkia wake. Mwaka 1833 alirudishwa kwao, katika safari aliyokuwamo mwanasayansi Charles Darwin. FitzRoy aliporudi kumtazama mwaka uliofuata, Orundellico alikuwa amekwisha vua viatu na suti, ameoa, na alipoulizwa kama anataka kurudi Uingereza alikataa.

Zaidi ya miaka 20 baadaye, meli ya misheni ilipita pale Wulaia, kwao Orundellico, ikiuliza habari zake. Mtu mzima akasogea na mtumbwi, akawajibu kwa Kiingereza. Wamisionari waliona mkono wa Mungu. Walimbembeleza, na mwaka 1858 akakubali kwenda Keppel na mkewe na watoto kwa miezi michache. Alipotaka kurudi, wakamrudisha.

Mwaka 1859 walichukuliwa Wayaghani wengine. Walilima mboga, walichimba udongo wa kuni, walivaa nguo za sufu. Siku ya kuondoka, wakubwa wa misheni walishuku kwamba wameiba vitu vidogovidogo, wakaamuru vifurushi vyao vipekuliwe. Sisi watu wa pwani tunajua maana ya kumpekua mgeni wako mbele ya watu. Umemvua nguo, hata kama ulichokikuta ndani ni leso. Walifika Wulaia wakiwa na uchungu, wakapekuliwa tena. Tarehe 6 Novemba 1859, siku ya Jumapili, wamisionari na mabaharia walipokuwa wakiimba katika nyumba waliyoijenga, walivamiwa wakauawa watu wanane. Aliyesalimika ni mpishi, Alfred Coles, aliyeachwa melini na kuyaona yote kwa macho.

Siyapunguzi mauaji hayo. Wanane wale walikuwa na mama zao. Lakini kilichofuata ni nadra katika historia ya ukoloni: Orundellico alikwenda Stanley, akasimama mbele ya gavana, maneno yake yakaandikwa. Aliwatwika mauaji watu wa kabila jirani, na Coles alimshuhudia kinyume chake. Kuhusu Keppel alisema alikaa huko na hakupapenda. Gavana hakumshtaki, na lawama kubwa aliielekeza kwa misheni yenyewe. Ninapousoma ushahidi ule namsikia mtu aliyechoshwa na kuchukuliwachukuliwa.

Kiongozi wa misheni alirudi Uingereza. Kijana aliyemlea, Thomas Bridges, hakuondoka. Alibaki Keppel akiwa na umri wa miaka kama 18, pamoja na Myaghani mmoja aitwaye Okokko na mkewe, na kwao akajifunza lugha. Huyu Bridges namheshimu. Alijua Kiyaghani kama mzawa, akakiandikia kamusi yenye maneno kama 32,000, na mwaka 1871 akahamia kabisa Ushuaia, kwenye nchi ya Wayaghani wenyewe. Mkubwa wake, Waite Stirling, alikuwa amefanywa askofu wa Falkland mwaka 1869, dayosisi yake ikiwa karibu Amerika Kusini yote.

Ila Bridges alikuwa akiandika maneno huku wasemaji wakitoweka mbele yake. Wavuvi wa sili walikuwa wamekwisha pitia miamba yote, na chakula cha baharini kilipungua. Mafuta ya kujipaka nayo yakapungua, na mahali pake zikaja nguo za misaada, ambazo katika nchi ile ya mvua zikilowa hazikauki. Vifua vikaanza. Mwaka 1884 zilifika meli za serikali ya Argentina, na surua nayo ikafika. Mwaka huo Bridges alikuwa amehesabu Wayaghani karibu 1,000. Miaka miwili baadaye walikuwa karibu 400. Krapf alitoa kamusi ya Kiswahili, iliyochapishwa mwaka 1882, na leo wasemaji wa Kiswahili hawahesabiki. Ile ya Kiyaghani ilichapishwa mwaka 1933, miaka mingi baada ya Bridges kufa, wakati ambapo wazee waliolelewa kwenye mitumbwi walikuwa wachache mno.

Nyangumi je? Zamu yao kubwa ilikuja baadaye, kwa teknolojia ya Kinorwe: meli ya injini na chusa la baruti linalopigwa kwa mzinga. Tarehe 16 Novemba 1904 Carl Anton Larsen alifika na Wanorwe 60 katika kisiwa cha South Georgia, kilichotawaliwa kutoka Falkland, akajenga kituo kwenye ghuba ya Grytviken. Jina hilo maana yake ni Ghuba ya Vyungu, kwa sababu ya masufuria ya wachemsha sili yaliyokutwa pale. Krismasi ya 1913 waliweka wakfu kanisa la mbao lililoletwa vipandevipande kutoka Norwe. Kuanzia mwaka 1904 hadi 1965 South Georgia ilichakata nyangumi 175,250. Mmoja, aliyepimwa pale Grytviken, alikuwa na urefu wa zaidi ya mita 33. Mafuta yao yaligeuzwa sabuni, siagi ya kupaka mkate, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, baruti.

Kwa hiyo waliosalia wa Wayaghani walizeeka wakiwa na nyangumi wachache sana wa kukwama ufukweni, na moshi wa kuwaita jamaa haukuwa na sababu ya kupanda. Mtu wa mwisho aliyekulia katika lugha hiyo na kuizungumza kwa ufasaha, Bi Cristina Calderón, alifariki Chile tarehe 16 Februari 2022, akiwa na umri wa miaka 93. Miaka yake ya mwisho aliitumia kuyarekodi maneno pamoja na mjukuu wake, na ukoo wake bado uko pale kwenye mlango wa bahari.

Pale Stanley, kando ya kanisa kuu la Askofu Stirling, kuna tao la mifupa ya taya za nyangumi wawili wakubwa wa buluu. Lilisimamishwa mwaka 1933 kuadhimisha miaka 100 ya utawala wa Uingereza. Watalii hupigia picha hapo. Nimeleta picha yake pamoja na ramani, ziko mezani karibu na mlango. Wulaia nimeizungushia kalamu nyekundu, kwa kuwa ramani yenyewe haikuiandika. Anayetaka kuuliza, nipo.