Baada ya Brexit, Waingereza Wanataka Nini Hasa?

Mwenyekiti, wazee wetu, ndugu zangu wote mliofika hapa Leicester jioni hii, asanteni kwa kunialika.

Nimeombwa nizungumzie maoni ya wananchi wa Uingereza kuhusu kinachopaswa kufuata baada ya Brexit, yaani Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya. Nadhani waandaaji walitarajia nije na jibu moja: wanataka kurudi Umoja wa Ulaya au hawataki? Takwimu nitawapa. Jibu la ndiyo au hapana sina, na nitaeleza kwa nini namshuku yeyote anayedai kuwa nalo. Watu wa nchi hii wameulizwa kuhusu Ulaya mara nyingi kuliko pengine jambo jingine lolote. Karibu kila mara wameulizwa kama anavyouliza dalali mjanja: unataka kuhama hapa unapoishi? Nyumba unayohamia haioneshi, na kodi yake haisemi.

Hebu tuanze na karatasi yenyewe ya tarehe 23 Juni 2016. Ilikuwa na swali moja na visanduku viwili: Uingereza ibaki kuwa mwanachama wa Umoja wa Ulaya, au ijitoe? Swali hilo halikuandikwa hivi hivi. Mwanzoni serikali ilitaka watu wajibu ndiyo au hapana kuhusu kubaki. Mwaka 2015 Tume ya Uchaguzi ikasema hapana, swali la namna hiyo linaelekea upande mmoja, yatajwe mambo yote mawili waziwazi. Yaani walipima maneno kwa mizani ya dhahabu. Lakini nyuma ya neno "ijitoe" hakukuwa na ukurasa hata mmoja. Ijitoe ibaki ndani ya soko la pamoja, ambamo bidhaa na watu hupita bila vizuizi, kama Norway? Ijitoe iwe na mkataba wa kawaida wa biashara kama Kanada? Ikate kamba kabisa? Mpaka wa Ireland Kaskazini na Jamhuri ya Ireland je? Kila mpiga kura alijaza mwenyewe.

Wale mliotoka Kenya mnakumbuka kura zenu. Mwaka 2005 ndizi na chungwa, alama za ndiyo na hapana, ziligawa familia, na rasimu ya katiba ikakataliwa kwa asilimia 58. Mwaka 2010 rasimu nyingine ikapita kwa zaidi ya theluthi mbili. Ugomvi ulikuwa mkubwa, lakini mliugombania waraka. Mtu aliweza kusimama na kusema, mimi nakataa kwa sababu ya mahakama za kadhi, au kwa sababu ya kifungu cha ardhi. Mpinzani wake akafungua ukurasa uleule wakabishana. Mwaka 2016 Uingereza haikuwa na ukurasa wa kufungua.

Matokeo mnayajua. Asilimia 51.9 walitaka kujitoa, 48.1 kubaki, milioni 17.4 dhidi ya milioni 16.1. Scotland ilitaka kubaki kwa asilimia 62, Ireland Kaskazini kwa karibu 56, England na Wales zikataka kutoka. Vijana wa chini ya miaka 25 waliopiga kura, zaidi ya saba katika kila kumi walichagua kubaki. Wazee wa miaka 65 na kuendelea, takriban sita katika kumi walichagua kuondoka. Mji wetu huu ulipasuka katikati: asilimia 51 kubaki, tofauti haikufika hata kura elfu tatu. Baadhi ya kura hizo zilikuwa zenu. Mkenya, Mtanzania au Mganda aliyeishi hapa kihalali aliruhusiwa kupiga kura ile kwa sababu nchi yake iko Jumuiya ya Madola, hata kama hakuwa na uraia. Mpolandi aliyekaa miaka kumi na mbili, akalipa kodi na kusomesha watoto, hakuruhusiwa. Mwanamke aliyezaliwa Kisumu alikuwa na kauli juu ya hatima ya jirani yake wa Warsaw, jirani mwenyewe hana. Katika habari nzima ya Brexit, hili ndilo ambalo watu wetu hulisikia na kuguna.

Sasa twende 2019, maana huko ndiko kuna darasa lenyewe.

Theresa May, Waziri Mkuu wa wakati huo, alirudi kutoka Brussels, makao ya Umoja wa Ulaya, na mkataba wa kujitoa. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na kitabu mezani, chenye kurasa zaidi ya 500. Tarehe 15 Januari Bunge likaukataa kwa kura 432 dhidi ya 202. Serikali haikuwahi kushindwa kwa pengo kubwa namna hiyo katika historia ya kisasa ya Bunge lile. Lakini angalieni nani aliukataa. Jacob Rees-Mogg, mbunge wa chama cha May mwenyewe aliyeona kwamba mkataba ule unaifunga Uingereza kamba ya Ulaya, alipiga kura ya hapana. Caroline Lucas wa chama cha Kijani, aliyetaka Uingereza isiondoke kabisa, naye akapiga hapana. Walipita mlango mmoja, kila mmoja akielekea kwake. Ukiuliza "mnautaka mkataba huu?" unapata wingi mkubwa wa hapana, na wingi huo hauna safari moja ndani yake.

Tarehe 27 Machi wabunge wakaamua kutafuta wenyewe wanachokitaka. Kwa kawaida hupiga kura kwa kutembea na kuhesabiwa wakipita. Jioni ile waligawiwa karatasi yenye mapendekezo manane, wakapewa nusu saa, waweke alama kila moja: ndiyo au hapana. Kuondoka bila mkataba, umoja wa forodha (yaani ushuru mmoja kwa bidhaa za nje), soko la pamoja, kura nyingine ya wananchi, kufuta safari nzima, na mengineyo. Spika John Bercow akasoma matokeo. Yote manane yalishindwa. Tarehe 1 Aprili wakarudia na manne; umoja wa forodha ukashindwa kwa kura 3, 273 dhidi ya 276.

Magazeti yaliwacheka wabunge kwamba hawajui wanachotaka. Mimi sikucheka. Walikuwa wanajua vizuri sana, na ndiyo maana walikwama. Watu wa makundi matatu, kila kundi likiwa na chaguo lake la kwanza na likiogopa la mwenzake, wanaweza kukataa kila kitu unachowawekea mbele bila hata mmoja wao kuwa mpumbavu. Mwanahisabati Mfaransa Condorcet alilieleza jambo la jinsi hii tangu karne ya 18. Na kilichokuwa bungeni kilikuwa barabarani pia. Mwezi uleule wa Machi ombi la kufuta Brexit lilitiwa saini zaidi ya milioni 6, na London ikajaa waandamanaji waliotaka kura nyingine. Miezi miwili baadaye, katika uchaguzi wa Bunge la Ulaya, chama cha Brexit cha Nigel Farage kikaongoza nchi nzima kwa karibu theluthi ya kura. Nani hapo ni "wananchi"?

Kura nyingine ya wananchi nayo ingekuwa na swali gani? Mbunge Justine Greening alipendekeza mwaka 2018 iwe na chaguo tatu, na mtu aweke la kwanza na la pili. Wazo la maana sana, naamini hadi leo. Halikwenda mbali, kwa sababu kila upande ulipiga hesabu ukaona unaweza kushindwa.

Boris Johnson, aliyemrithi May, ndiye aliyekata fundo. Uchaguzi wa Desemba 2019 ulimpa asilimia 43.6 ya kura na viti 365. Ukijumlisha vyama vilivyoahidi kura nyingine, vilipita nusu ya kura zote kidogo. Kwa mfumo wa uchaguzi wa hapa, ambapo kiti cha kila jimbo huchukuliwa na anayeongoza tu, hilo halikusaidia kitu. Tarehe 31 Januari 2020 Uingereza ikatoka, na mwisho wa mwaka huo ikaacha soko la pamoja na umoja wa forodha.

Leo je? Tafiti za maoni kwa miaka kadhaa zimekuwa zikisema jambo moja. Kampuni ya kupima maoni ya YouGov, Januari 2025: asilimia 55 walisema ilikuwa makosa kutoka, 30 wakasema ilikuwa sawa. Sababu moja ni kwamba vijana wamefikia umri wa kupiga kura na baadhi ya wazee wametangulia mbele ya haki. Nyingine ni kwamba watu wamebadilika.

Hapa ndipo ninapowaomba mtulie kidogo, maana wapenzi wa Ulaya huruka haraka kutoka "ilikuwa makosa" hadi "turudi". Mtu anaweza kujuta kwa sababu zinazopingana. Wapo waliopiga kura ya kutoka ili uhamiaji upungue. Halafu katika mwaka ulioishia Juni 2023 ongezeko la wahamiaji, yaani walioingia ukiondoa waliotoka, likapita laki tisa, wengi wao kutoka nje ya Ulaya, wakiwemo waliokuja kuhudumia wagonjwa na wazee. Mtu huyo akiulizwa kama Brexit imefanikiwa atasema imeharibika. Ukimwambia basi turudi Ulaya, Mpolandi aje tena bila viza, atakufukuza mlangoni. Katika jedwali la takwimu amekaa pamoja na profesa anayelilia fedha za utafiti za Brussels.

Na bei ikitajwa, namba hutikisika. Katikati ya 2025 YouGov waliuliza kuhusu kurudi, na zaidi ya nusu wakakubali. Wakaongeza: na kama tutarudi bila zile nafuu tulizokuwa nazo, tukubali sarafu ya euro na mipaka wazi ya Schengen? Waliokubali wakabaki kidogo zaidi ya theluthi. Watu walewale, juma lilelile. Siwalaumu hata kidogo. Yeyote angebadilisha jibu akioneshwa bili.

Chama cha Labour kinalijua hili, nacho kinalikimbia. Mwaka 2024 kiliingia madarakani kikiahidi kutorudi soko la pamoja, wala umoja wa forodha, wala uhuru wa watu kwenda kuishi na kufanya kazi popote. Kinakwenda kwa vipande: mkutano na Umoja wa Ulaya kule Lancaster House, London, Mei 2025, meli za Ulaya zikaruhusiwa kuendelea kuvua katika maji ya Uingereza hadi 2038, mazungumzo ya ukaguzi wa vyakula. Kila kipande kina faida. Lakini mwananchi haulizwi, akisubiri kuambiwa kwamba ameridhika.

Kuna sehemu moja ambako swali la "sasa tuendelee vipi?" limeulizwa kwa maandishi. Ireland Kaskazini ilibaki na kanuni nyingi za Ulaya kuhusu bidhaa ili kusiwe na mpaka wa nyaya na askari kati yake na Jamhuri. Kwa sababu utaratibu huo unawagusa wao, baraza lao la Stormont lilipewa haki ya kuupigia kura. Tarehe 10 Desemba 2024 lilipiga: 48 wakaukubali, 36 wakaukataa. Kwa kuwa upande wa wanaotaka umoja na Uingereza ulikataa wote, idhini ikawa ya miaka 4 tu badala ya 8. Hawakupatana. Lakini kila mbunge alijua anakubali nini, au anakataa nini, na lini ataulizwa tena.

Uchaguzi mkuu ujao wa Uingereza hautapita Agosti 2029. Nyinyi mlio raia wa Jumuiya ya Madola mnaruhusiwa kupiga kura, mradi mmejiandikisha. Na kituoni pasipoti ya Kenya au ya Tanzania inakubalika kama kitambulisho, msije mkarudishwa nyumbani na mtu asiyejua. Wagombea watakuja mlangoni wakiwauliza kama mnaipenda Ulaya. Waulizeni wao: ruhusa ya kuishi na kufanya kazi imo? Mchango wa kila mwaka ni kiasi gani? Euro je?

Mama pale kushoto ameshanyoosha mkono tangu nilipoitaja Warsaw, na naona hakubaliani nami. Karibu mama, tuanze na wewe.