Punje Kubwa Si Kahawa Tamu

Mhadhara uliotolewa Moshi, mbele ya vijana watengeneza filamu na wazazi wao

Shikamooni wazee. Vijana, habari za jioni. Mwenyekiti amenitambulisha kama bingwa wa sinema. Namshukuru, ila mke wangu akisikia atacheka mpaka kesho, maana yeye ndiye anayemwona bingwa huyu akikoroma kwenye kochi kabla steringi hajampata adui wake.

Nimeombwa nieleze wahakiki wanafanyaje kazi. Mtu huyo huyo mmoja, Jumatatu anatazama katuni ya watoto, Jumatano muvi ya majini na mashetani, Ijumaa picha la Kihindi la saa tatu, Jumamosi filamu ya wavuvi isiyo na hata mwigizaji mmoja. Vyote hivyo anavipima kwa mizani gani? Asubuhi napanda basi Arusha nilikuwa na jibu refu la kitabuni. Nimefika hapa mapema, nikapita kumsalimia binamu yangu ambaye kazi yake ni kuonja kahawa. Lile jibu la kitabuni nimeliacha hukohuko kwake.

Wengi wenu mmekulia kihambani. Mnajua mtu akisema kahawa yake imetoka AA jinsi anavyovimba kichwa. Sasa niambieni, AA maana yake nini?

(Sauti ukumbini: "Tamu!")

Hapana, mangi. AA ni ukubwa wa punje. Ni habari ya chekeche tu: zilizobaki juu kwenye matundu makubwa ni AA, inafuata A, inafuata B, na PB ni ile punje ya duara iliyojikalia peke yake ndani ya tunda. Utamu unajulikana mezani, kwa kijiko. Nimemtazama binamu yangu leo: vikombe vimepangwa mstari, anazamisha kijiko, anafyonza kwa kelele ambayo mama yangu angenitandika kibao kwa ajili yake, anatema, anaandika, anasogea kikombe cha pili. Kelele ile si utovu wa adabu. Inaitawanya kahawa mdomo mzima na kuipandisha harufu puani. Nikamuuliza, na robusta, ile aina ya kahawa ya Bukoba, je? Akasema, hiyo huionji ukiitafutia uchachu wa arabika ya mlimani, utakuwa unaionea. Unauliza kama ni robusta nzuri.

Ndugu zangu, mhadhara wangu ungeweza kuishia hapo.

(Kicheko.)

Muvi iliyotengenezwa kwa mamilioni ya dola ni AA. Punje kubwa. Hujaambiwa bado kama inanyweka. Na kile alichosema binamu yangu kuhusu robusta, mhakiki mmoja wa Marekani alikiishi miaka mingi. Roger Ebert alianza kuhakiki kwenye gazeti la Chicago Sun-Times mwaka 1967, na mwaka 1975 akawa mhakiki wa kwanza wa sinema kupata Pulitzer, tuzo kubwa ya waandishi wa habari huko Marekani. Alitoa nyota mpaka nne, na watu walimsumbua sana: iweje muvi ya mapigano ipate nyota sawasawa na ile ya huzuni iliyoshinda tuzo? Maelezo yake yalikuwa ya kibinadamu kabisa. Rafiki yako akikuuliza kama muvi fulani ya ngumi ni nzuri, hakuulizi inavyolingana na ile ya huzuni iliyoshinda tuzo. Anauliza inavyolingana na muvi nyingine za ngumi.

Hapo vijana wangu wa muvi mnanitazama kwa furaha, mnaona mmepata mlango wa kutokea. Nitaufunga kidogo. Kuipima filamu ndani ya jamii yake si kuionea huruma. Robusta iliyooza wakati wa kuanikwa imeoza, hata kama ni robusta. Mwonjaji anajua lipi ni tabia ya kahawa na lipi ni uzembe wa mwandaaji. Kwenye muvi zetu, kilio kirefu, mama mkwe mkorofi, mganga, hiyo ni tabia ya jamii yake, na anayeikataa kwa sababu hizo aseme tu kwamba hapendi muvi za Kibongo. Lakini muziki unapofunika maneno mpaka msiba hausikiki marehemu ni nani, huo ni uzembe. Nimechoka kusoma uhakiki unaochanganya mambo hayo mawili.

Nimekuja na daftari langu. Waliokaa mbele mnaona mwandiko: mistari imepandana kama mabasi ya stendi, maana naandika gizani bila kutazama. Ukurasa huu umeandikwa "dk 14, kikombe." Ni filamu fupi ya vijana fulani, nimeona mwaka jana. Mtoto anamwambia mama yake kwamba anaondoka nyumbani. Mama anamimina chai. Hasemi neno, anamimina. Chai inafika ukingoni, inamwagika kwenye sahani, inafika mezani, na mkono wake hautetereki. Kisha picha inakata tunamwona mtoto, inarudi kwa mama, na kikombe kina chai nusu! Ukumbi ulicheka sana. Jirani yangu aliniambia, "Andika hiyo, mhakiki."

Niliandika zote mbili. Kosa la kikombe ni la aliyepaswa kuangalia mfululizo wa picha, na angelirekebisha kwa dakika mbili. Mkono usiotetereka ni wa mtu anayejua sinema ni nini. Mhakiki mvivu angeishia kwenye kosa kwa sababu kosa ni rahisi kulionyesha. Kazi ngumu ni kueleza kwa nini chai ile iliyomwagika iliuma kuliko kilio cha dakika kumi.

Nikiri na langu. Miaka ya nyuma niliwahi kuhakiki filamu ambayo sikuimaliza. Umeme ulikatika, jenereta ikakataa, tukatawanyika. Nilijiona nimeshaijua, nikaandika kwamba mwisho wake unatabirika. Wiki iliyofuata mwongozaji alinipigia, akaniomba kwa adabu nimsimulie huo mwisho.

(Kicheko kirefu.)

Sasa tuje kwenye namba, maana najua mnazitazama kwenye simu. Tovuti ya Rotten Tomatoes ilianza 1998, na ile asilimia yake wengi wanaisoma kama alama ya mtihani. Siyo. Ni hesabu ya wahakiki wangapi kati ya wote wameikubali filamu. Ikifika 60 inapewa nyanya nyekundu. Fikirini muvi mbili, kila moja imeonwa na wahakiki kumi. Ya kwanza, wote kumi wamesema "haya, inatazamika", wakaipa 6 kwa 10, wakasahau jina lake kabla ya kufika nyumbani. Hiyo inapata asilimia 100. Ya pili, saba wamesimama wakapiga makofi, wameipa 10, na watatu wameichukia wakaipa 2. Hiyo inapata 70. Ukipiga wastani, ya pili ina 7.6 na ya kwanza ina 6. Sasa nani amefaulu? Metacritic, tovuti nyingine ya namna hiyo, wao wanakokotoa wastani, na baadhi ya magazeti wanayapa uzito kuliko mengine. CinemaScore, ya tangu 1979, haiulizi wahakiki kabisa: inawauliza watazamaji wa Marekani siku ya kwanza filamu inapotoka, waipe alama kuanzia A+ hadi F. Na anayekwenda siku ya kwanza, tusidanganyane, alishaipenda kabla hajaketi.

Mimi namba nazisoma kama bei ya mnada. Inanijulisha soko limesemaje siku ile.

Tuje karibu na nyumbani. Mwaka 1962 ilitoka filamu ya Kimarekani yenye jina la Kiswahili, Hatari! Aliiongoza Howard Hawks, nyota wake John Wayne, na sehemu kubwa ilipigwa huku kwetu, Momella, chini ya Mlima Meru, Tanganyika ikiwa inaelekea uhuru. Kisa chake ukikisimulia kinaisha kabla chai haijapoa: watu wanakamata wanyama wa kuwapeleka kwenye bustani za wanyama, jioni wanakunywa na kupendana. Kwa kipimo cha hadithi ni muvi nyepesi, tena ndefu, inapita saa mbili na nusu. Lakini huko Paris vijana wa jarida la Cahiers du cinéma, lililoanzishwa 1951, walimwona Hawks kuwa msanii mkubwa. Mmoja wao, Jean-Luc Godard, aliyegeuka mwongozaji, alibandika bango la Hatari! kwenye mandhari ya filamu yake ya 1963. Waliona nini? Waliona mtu anayejua kupiga picha watu wakifanya kazi pamoja. Faru anakimbizwa kweli, gari linarukaruka kweli, kamba inakosa, inarushwa tena, na vumbi lile mnalijua wenyewe. Walidai kwamba mwongozaji mzuri hujulikana kama mkono wa mfinyanzi, chungu chochote akifinyanga. Pauline Kael, mhakiki Mmarekani mwenye ulimi mkali, mwaka 1963 aliwashambulia wenye nadharia hiyo, na mimi katika hili niko upande wake kwa nusu: mfinyanzi mzuri naye hutoa chungu kinachovuja.

Nusu ya pili ni hii. Mimi naitazama nikiwa Arusha. Naona mlima ninaouona dirishani kwangu. Naona wenyeji wamewekwa pembeni ya picha, wanabeba, wanacheka, wanacheza ngoma ya kumpa mzungu jina la Mama Tembo. Mhakiki wa Paris hakuandika hilo, si lazima kwa ubaya. Hakuwa amekaa hapa. Ndiyo maana nawaambia, kipimo ni kimoja lakini mahali unapokaa ukumbini kunabadili unachokiona.

Hata orodha za wakubwa hubadilika. Jarida la Sight and Sound la Uingereza huwauliza wahakiki kila miaka kumi, tangu 1952, ipi ni filamu bora kuliko zote. Citizen Kane iliongoza kuanzia 1962 mpaka 2002. Mwaka 2012 ikaja Vertigo, ya 1958, ambayo ilipotoka haikupokelewa kwa shangwe. Mwaka 2022 walipiga kura wahakiki zaidi ya 1,600, na iliyoshika nafasi ya kwanza ni Jeanne Dielman ya Chantal Akerman, ya 1975: dakika 201 za mama anayepika, anayetandika kitanda, anayemenya viazi.

(Mama mmoja safu ya mbele: "Mwanangu, viazi tu? Si aje kwangu nimwonyeshe!")

Mama, wewe ndiye mtazamaji wake. Siku ya kwanza anamenya kwa mpangilio. Siku ya pili viazi vinaiva kupita kiasi, na wewe unayepika kila siku utashtuka kabla ya mhakiki yeyote, utajua nyumba ile imeharibika kitu.

Kuna swali limeandikwa kwenye karatasi, kuhusu Vuta N'kuvute. Waliosoma riwaya ya Adam Shafi kidato cha tano na sita wanalalamika kwamba filamu ya Amil Shivji ya 2021 imeacha mambo mengi. Imeacha, ndiyo. Riwaya inaweza kukaa kichwani mwa Yasmini, mhusika wake mkuu, kurasa tatu. Kamera lazima imtafutie uso, mwanga, ukimya. Uliza filamu imeweka nini mahali pa kilichoachwa. Ukiipima kwa kitabu, unaonja robusta ukitafuta limao.

Swali la mwisho, kijana mwenye fulana ya bluu.

(Kijana: "Kaka, muvi yangu inaonyeshwa sasa hivi. Ikiwa mbaya utaniambia hapa mbele ya wazazi?")

Nitakuambia dakika ya ngapi. Yako ina dakika ngapi? Kumi na nane. Haya. Mangi, zima hiyo taa ya nyuma. Na simu pia, mwenyekiti, hata ya kwako.