Chura wa Kihansi si chura wa mtaroni

Swali hili nimeulizwa hadi na dereva wa bodaboda, kwa hiyo nalijibu kabla hamjainua mikono. "Mwalimu, chura ni chura. Mvua ikinyesha Dar wamejaa mitaroni. Huyu wa Kihansi ana nini hata apandishwe ndege kwenda Marekani?"

Haya, tazameni kucha ya kidole gumba. Aliyekomaa anakaa hapo, wa manjano kama embe bivu. Hatagi, anazaa. Kitoto kinatoka na miguu yake minne, kadiri ya punje ya mchele. Hakuna kiluwiluwi cha kuogelea, kwa hiyo dimbwi halimhusu. Anachotaka ni manyunyu. Sisemi mto, sisemi mvua, nasema manyunyu! Maji ya mto Kihansi yalikuwa yakiporomoka kwenye korongo la milima ya Udzungwa, yanapiga mwamba, yanapasuka, upepo unayarusha juu ya majani na kuvumwani usiku na mchana. Mmewahi kunyunyiziwa marashi kwa mrashi harusini? Basi ni hivyo, ila harusi yenyewe haiishi. Na ukumbi wake ni hekta 2 hivi, viwanja vitatu vya mpira. Duniani kote hakuna kwingine.

Namsikia mtu kule nyuma: "Si wangehamishiwa mto mwingine?" Mto upi, ndugu yangu? Nionyeshe wenye baridi ile, wadudu wale na mrashi ule, ndoo nitabeba mwenyewe.

Mitambo ya umeme wa maji ya megawati 180 ilipoanza kazi, karibu na mwaka 2000, maji mengi yakachepushwa. Msinifanye adui wa umeme. Hata kipaza sauti hiki kinaula. Lakini mrashi ulikatika. Yakawekwa mabomba ya kunyunyizia, vyura wakaongezeka tena, kisha mwaka 2003 wakapukutika ghafla. Kuvu ya ngozi ilikutwa kwao, na hiyo ina mhadhara wake. Mwaka 2009 wakatangazwa kutoweka porini.

Wale 499 waliopelekwa Marekani mwishoni mwa 2000, mliowacheka eti chura ana pasipoti, ndio mbegu iliyobaki. Walizalishwa kwenye bustani za wanyama za Bronx na Toledo. Mwaka 2010 wakarudi 100 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kuachiwa korongoni.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Kuvu tutaizungumza kwenye chai. Na yule wa mto mwingine aje, ndoo ninayo kwenye gari.