Baba Aliondokaje, na Nyumbani Anatajwaje

Ndugu wazazi na walimu wenzangu, kauli ya "amelelewa bila baba" imetuchosha sisi tunaoshinda na mabinti wa sekondari, kwa sababu watu huitamka kana kwamba imeeleza kila kitu, ilhali haijaeleza hata nusu. Nimesema katika vikao vingi na leo narudia: kabla ya kumhukumu binti, uliza baba yake aliondokaje, na nyumbani anatajwaje.

Mwaka 1972 mwanasaikolojia wa Marekani, E. Mavis Hetherington, alichapisha utafiti kuhusu wasichana 72 wenye umri wa miaka 13 hadi 17: 24 waliishi na baba, 24 walifiwa na baba, na 24 wazazi wao walitalikiana. Hakuna aliyekuwa na ndugu wa kiume. Kila binti aliingia katika chumba cha mahojiano akakuta viti vitatu: kimoja ubavuni mwa mhoji, kimoja ng'ambo ya meza wakitazamana, na cha tatu mbali kidogo. Mhoji alipokuwa mwanamume, mabinti wa waliotalikiana walielekea zaidi kile cha karibu, wakamwinamia na kumtabasamia; mabinti wa wajane walielekea kile cha mbali, wakaketi wima, mabega upande, maneno yakiwatoka kwa shida. Mhoji alipokuwa mwanamke, tofauti hiyo haikuonekana.

Tutulie hapo. Makundi yote mawili hayakuwa na baba nyumbani, lakini mwenendo wao ulipingana. Akina mama nao walihojiwa: wajane walimkumbuka mume kwa wema, walioachika kwa uchungu.

Najua kuna atakayesema kwamba nawatwika akina mama mzigo wa mwanamume aliyekimbia. Sivyo hata kidogo; aliyekimbia anadaiwa matunzo, na Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inasema hivyo. Mwingine atasema hao ni Wamarekani, sisi tuna wajomba na mababu. Ni kweli, na ni hazina kubwa, lakini wajomba wengi nawaona siku ya posa tu, wakati binti alimhitaji mjomba alipokuwa darasa la pili.

Nilipata kumpa binti wa kidato cha kwanza fomu ya usajili. Alijaza kila mstari isipokuwa wa jina la baba, na hapo alisugua kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Jina lenyewe alikuwa nalo, ndilo jina lake la pili, nililoliita kila asubuhi katika mahudhurio! Nilipomuuliza, alinong'ona kwamba mama amekataza litajwe nyumbani. Mama yake alipokuja akaniambia, "Mwalimu, nilidhani namkinga." Sikumwomba amsifu yule bwana. Nilimwomba amweleze mwanawe baba huyo alizaliwa wapi, alifanya kazi gani, na bibi yake mzaa baba anaitwa nani, yaani ukweli unaolingana na umri wake, bila matusi na bila kufunika.

Muda umeniishia, na suala la fedha sitaligusa leo. Niseme tu kwamba Hetherington aliona athari nzito zaidi kwa waliotengana na baba wakiwa wadogo, hasa kabla ya miaka mitano. Kwa hiyo wenye watoto wa chekechea wasingoje wafike kwangu sekondari. Nitakuwa hapo nje kwa yeyote anayetaka tuzungumze.