Kwa nini siwauzii tiketi za bahati nasibu kwenye WhatsApp

Jamani, habari zenu. Leo naingia moja kwa moja kwenye swali, maana kila nikifungua maoni nalikuta: "Dada, mbona zile tiketi za kuchangia madawati hukutuuzia na sisi kwenye WhatsApp? Au ni za watu wa ughaibuni tu?"

Naomba mnisikilize kwanza kabla hamjasema najidai. Na wale mtakaosema nalalamika wakati nimeshafika Uingereza, nawaheshimu, ila jambo hili limeninyima usingizi.

Huku bahati nasibu ni kamari mbele ya sheria, hata kama unachangia shule. Sheria yao ni ya mwaka 2005. Ukiuza tiketi ukumbini, siku ya shughuli yenyewe, huhitaji kusajiliwa. Kwenye makusanyo unaruhusiwa kukata pauni 100 tu za gharama na pauni 500 za kununulia zawadi. Zawadi za kupewa bure hazina kikomo. Lakini ukitaka kuanza kuuza mapema, kazini na kwa majirani, lazima chama kisajiliwe halmashauri. Ada ni pauni 40, halafu 20 kila mwaka.

Kilichotutesa siyo hizo pauni 40. Anayesajiliwa ni chama, siyo mimi na shoga zangu wawili. Ikabidi tuandike katiba, tuchague viongozi, tufungue akaunti ya sahihi mbili. Benki ikatuzungusha wiki saba. Mara uthibitisho wa anwani, mara sahihi ya mweka hazina haifanani na ya kwenye pasipoti. Nilikuwa natoka zamu ya usiku naunganisha foleni, sijalala.

Tukachapisha tiketi 600 tukiwa tumeandika "tano kwa bei ya nne". Kumbe kwa chama kilichosajiliwa, tiketi zote lazima ziwe bei moja, hakuna punguzo. Na kila tiketi ionyeshe jina la chama, bei, jina na anwani ya msimamizi, na tarehe ya droo. Zote 600 zikaenda kwenye taka. Droo ikishapita, una miezi mitatu kupeleka hesabu halmashauri zikiwa na sahihi za wanachama wawili. Sasa hapo niwauzie na ninyi mlio nchi nyingine, yenye sheria zake za kamari? Siwezi. Tangu mwaka ule tulipotupa tiketi tunauzia ukumbini tu.

Kilichonipa moyo ni mnada wa kimya: watu wanaandika bei zao kwenye karatasi, na aliyeandika kubwa kuliko wote muda ukiisha ndiye anayenunua. Huu si mchezo wa bahati, hivyo ile sheria ya kamari haiugusi. Kila kitu kinawekwa mezani na karatasi yake: maelezo, bei ya kuanzia, na kiasi cha chini cha kupandisha. Sisi hatuandikishi majina, kila mtu anapewa namba mlangoni, maana wenye kipato kidogo wanaona aibu jina lao likipitwa hadharani. Mama mmoja mtu mzima alikuwa namba 14. Kwenye karatasi ya cherehani aliandika, akapitwa, akarudi, akapitwa tena. Mara ya nne alikaa pale pale na kalamu mkononi mpaka tulipotangaza muda umekwisha. Aliipata. Meza ile peke yake iliingiza kuliko bahati nasibu nzima, na hakuna aliyekwenda nyumbani mikono mitupu akihisi kaibiwa.

Niliseme na hili, kwa sababu linaniuma. Kuna mtu kwenye kundi letu aliandika kwamba nimekula hela za watoto, kisa zilichelewa siku 11. Zilikuwa zimeshikiliwa benki, wanataka nieleze zimetoka wapi. Mtu huyo hakuja hata kupanga viti. Nililia, sitaficha.

Haya yote ni ya kwangu mimi na chama chetu. Mwenzangu wa mji mwingine anaweza kuwa na halmashauri nyepesi na benki yenye huruma, kwa hiyo usichukue maneno yangu ukayafanya sheria. Nenda kaulize halmashauri yako kabla hujachapisha hata tiketi moja.

Na wale mnaouliza kama cherehani ilikuwa mpya: hapana, ilikuwa imetumika, na tuliandika hivyo kwenye karatasi, mstari wa kwanza.