Fikasi Ikigusa Dari, Tazama Dirisha Kabla ya Mkasi

Ndugu zangu, naanza na lile ninalolirudia kila ninapoitwa kuzungumzia miti ya ndani: fikasi ikigusa dari, msikimbilie mkasi. Tazameni kwanza imesimama wapi. Kama iko nyuma ya kochi, mita tatu au nne kutoka dirishani, shida yake ni giza. Vifundo, pale majani yanapoota, vimeachana, majani ya ndani yamepukutika, zimebaki fito zenye kishungi nchani. Ukiikata ikiwa palepale, itatoa fito zilezile. Isogezeni dirishani, ikae wiki tatu nne, ndipo mkate. Ile ya majani madogo, Ficus benjamina, ikihamishwa hupukutisha majani. Msibabaike, na tafadhali sana msiimwagie maji kwa kuihurumia!

Najua kuna atakayesema: mbona uzio wa fikasi pale nje hukatwa hadi ukabaki miti mitupu, na bado unachipua? Ule una jua la kutwa na mizizi iliyokwenda mbali. Ya kwenye chungu haina akiba hiyo. Tawi la benjamina la ndani likiachwa bila jani hata moja, mara nyingi hukauka kurudi nyuma mpaka shinani. Kwa hiyo kila tawi mnalofupisha libaki na majani mawili matatu. Ficus elastica, ile ya majani mapana mazito, ni mvumilivu zaidi; shina lake tupu huchipua. Msiifanye moja kuwa kipimo cha nyingine.

Sasa mkate wapi? Lishikeni tawi, mlisogeze karibu na macho. Kila lilipoota jani kuna mstari mwembamba uliozunguka kijiti kizima; na juu tu ya kovu la jani kuna jicho, yaani chipukizi lililolala, dogo kama punje ya ulezi. Kateni nusu sentimita juu ya jicho hilo. Mkiacha kisiki kirefu kitakauka. Mkikata kwa kuligusa jicho, mmeliua. Jicho likitazama nje, tawi jipya litakwenda nje. Ncha ya tawi hutengeneza homoni, auksini, inayoshuka na kuyazuia macho ya chini yasichipue. Ncha ikiondoka, macho mawili matatu yaliyo karibu na mkato huamka.

Ndiyo maana nakasirika nikiona fikasi ya sebuleni imenyolewa mviringo kwa mkasi wa uzio. Ncha zote zimekatwa usawa mmoja, basi machipukizi yote yanasongamana juu, ndani kunakuwa giza, na majani ya ndani yanakufa. Ondoeni kwanza matawi yaliyokufa na yanayosuguana, mkayatoe mpaka yanapoanzia. Yaliyobaki mfupishe kwa urefu tofauti. Theluthi moja ya majani ikishatoka, wekeni mkasi chini, hata kama umbo bado halijawapendeza. Na mlioko nyanda za juu, baridi ya Juni hadi Agosti si wakati wake.

Utomvu ule mweupe huwasha ngozi na hauondoki kirahisi kwenye zulia. Vaeni glavu za plastiki, hasa mwenye mzio wa mpira, tandikeni magazeti, bonyezeni kidonda kwa kitambaa chenye maji mpaka utomvu uache kutoka. Mkasi ufutwe kwa spiriti. Rangi juu ya kidonda haihitajiki.

Baada ya hapo, mti wenye majani machache hunywa maji machache. Kiasi kilekile cha zamani huozesha mizizi. Subirini udongo ukauke sentimita tatu hivi juu, na mbolea ingoje machipukizi.

Naona naonyeshwa saa, ya mizizi siyafikii. Ila mwenye elastica ndefu asiitupe ncha: achubue gamba upana wa sentimita mbili kuzunguka shina, afunge hapo makumbi ya nazi yaliyoloweshwa, azungushie plastiki na kukaza juu na chini. Mizizi ikishaonekana imejaa ndani ya plastiki, akate chini yake na kupanda.